Shemeji anataka kuwa Dokta, na mimi nimeombwa ushauri

Najua nimewatupa. Wiki tatu hizi nilikuwa mikoani kwa kazi za gazeti, na huko nilikokuwa mtandao ulikuwa unapanda na kushuka kama homa. Nimerudi Dar juzi usiku. Leo nina jambo linalonikereketa, tena si la siasa, kwa hiyo wale mnaoniandikia kila siku "mbona hujasema lolote kuhusu fulani" naomba mnivumilie.

Jambo lenyewe ni la nyumbani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni Afisa Afya katika halmashauri moja huko bara. Watu wa kule wanamwita Bwana Afya, jina la zamani ambalo halijafa. Ndiye anayekagua mabucha na vibanda vya mama lishe, ndiye anayekwenda kupima maji ya visima, ndiye anayefunga gesti zisizo na choo na kesho yake kupigiwa simu na diwani. Ana shahada ya kwanza ya afya ya mazingira, ana shahada ya uzamili ya afya ya jamii aliyoisoma kwa kujinyima, na ana miaka kumi na sita kazini. Mwezi uliopita akanipigia simu. "Shemeji, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nichunguzie hawa watu."

Hawa watu ni chuo cha nje kilichomwandikia barua pepe kumpongeza kwamba amechaguliwa kusoma Shahada ya Udaktari wa Afya ya Jamii, ile inayoandikwa DrPH. Miezi minane tu. Kila kitu kwa intaneti. Hakuna tasnifu, hakuna mtihani, "uzoefu wako wa kazi unatosha". Ada ni dola 2,800, na ukilipa zote kwa mkupuo unapunguziwa mia tatu. Jina la chuo silitaji kwa sababu bado ninawafuatilia. Shemeji hana dola 2,800. Ana kiwanja alichonunua mwaka 2014, na mteja ameshapatikana. Hilo la kiwanja hakuniambia yeye. Aliniambia dada, kwa sauti ya chini, akijifanya anaulizia habari za mama.

Nikauliza kwanza swali la kijinga: hiyo DrPH ni kitu gani? Nimesoma chuo kikuu, nimeandika habari za afya kwa miaka mitatu, na nilikuwa sijui. Huko nyuma nilishawahi kumwandika mtu mwenye shahada hiyo kuwa "daktari bingwa wa magonjwa ya jamii", habari ikatoka ukurasa wa tatu, hakuna aliyesema kitu. Hata yule bwana mwenyewe hakulalamika. Labda alipenda.

Sasa nimesoma, na niliyoyakuta nawamwagia hapa, maana naamini shemeji si peke yake.

Tuanze na tofauti ya hii na PhD. PhD tunaijua, ni shahada ya mtafiti. Unachimba swali moja mpaka unafika mahali hakuna mtu amefika, unaandika kitabu kizima, halafu wengi wao wanabaki vyuoni kufundisha na kutafiti. DrPH ni shahada ya mtendaji. Inamlenga mtu ambaye tayari yuko kwenye kazi ya afya ya jamii, ambaye kesho ataongoza idara, mradi, au wizara, na inataka afanye kazi hiyo kwa ushahidi na si kwa mazoea. Wala haimpi mtu leseni ya kutibu. Mwenye DrPH ambaye hakusomea utabibu hawezi kukuandikia hata dawa ya malaria.

Shahada hii ni ya Wamarekani kwa asili, na ina umri. Mwaka 1915 William Welch na Wickliffe Rose waliandika ripoti juu ya namna ya kufundisha watu wa afya ya jamii, na mwaka uliofuata, 1916, shule ya Johns Hopkins kule Baltimore ikaanzishwa kwa fedha za Rockefeller, Welch akiwa mkuu wake wa kwanza. Hoja kubwa ya wakati ule ilikuwa kwamba kutibu mgonjwa mmoja mmoja ni kazi moja, na kuzuia mji mzima usiugue ni kazi nyingine inayohitaji mafunzo yake. Miaka zaidi ya mia imepita na sisi bado tunabishana juu ya hilo, lakini tusiende huko kwanza.

Masharti sasa. Kule Marekani kuna baraza linaloitwa CEPH, lilianzishwa mwaka 1974, kazi yake ni kutoa ithibati kwa shule na programu za afya ya jamii. Baraza hili halikwambii usome kitabu gani, linasema mhitimu wa DrPH lazima aweze kufanya nini. Mwaka 2016 lilipoandika upya vigezo vyake liliweka umahiri ishirini katika mafungu manne: takwimu na uchambuzi, uongozi na utawala, sera na programu, na elimu pamoja na kuandaa watumishi. Niliposoma orodha ile nilisimama kwenye mmoja, ule unaosema mhitimu aweze kuieleza sayansi ya afya kwa watu wa kila aina, hata wale wenye uelewa mdogo wa mambo ya afya, ili kubadili mienendo na sera. Mwandishi wa habari yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa waandishi na mtaalamu anayesoma karatasi kwa dakika arobaini ataelewa kwa nini nilisimama hapo.

Nilikuwa chuoni mwaka 2020. Tulirudishwa nyumbani mwezi Machi kwa ajili ya korona, na mwanzoni mwa Mei takwimu za nchi zikasimama kwenye wagonjwa 509, hazikusogea tena mpaka mwaka uliofuata. Sitaki kuyafufua yale. Ninachosema ni kwamba katika miezi ile tulikuwa na madaktari wengi wa kutibu, na watu wachache mno waliojua kusimama kati ya sayansi, wakubwa na wananchi, wakasema jambo likasikika. Hiyo nayo ni fani, na kuna watu wanaisomea.

Turudi kwenye masharti. Kuingia, vyuo vingi vinataka uwe na shahada ya uzamili, hasa ya afya ya jamii, na miaka kadhaa ya kazi. Asiye na msingi wa afya ya jamii anaweza kupokelewa mahali pengine, lakini atatakiwa auzibe huo upungufu. Kuna barua za watu wanaokufahamu kikazi, kuna maelezo yako mwenyewe ya kwa nini unataka kusoma, na kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni kuna mtihani wa kukithibitisha. Shahada ya utabibu si sharti. Hapo shemeji alishangilia sana nilipomwambia.

Ukishaingia, kigezo cha CEPH ni angalau krediti 36 za masomo ya darasani juu ya shahada ya uzamili, na ile kazi kubwa ya mwisho haihesabiwi humo. Kwa hiyo anayekuambia miezi minane bila kugusa kitu, muulize hizo 36 zimepita wapi.

Halafu kuna sehemu mbili ambazo ndizo roho ya shahada yenyewe. Ya kwanza ni mazoezi ya kazi. Usifikirie ile "fildi" tuliyoifanya sisi ya kufotokopi barua za ofisi na kuagizwa chapati. Mwanafunzi anatakiwa afanye angalau mradi mmoja wenye maana kwa taasisi halisi, iwe ya serikali, ya watu binafsi au ya kujitolea, na kile alichokifanya kionekane mkononi: mpango, tathmini, mwongozo, sera. Kisha aandike alivyojiona yeye mwenyewe katika kazi ile, wapi aliweza na wapi alikwama. Ya pili ni kazi ya mwisho ya kuunganisha yote. Mara nyingi ni tasnifu, lakini inaweza kuwa andiko jingine la kiwango hicho linalotoka moja kwa moja kwenye kazi, ilimradi liwe limeandikwa vizuri na litathminiwe na walimu.

Vyuo vinatofautiana. Harvard walianza programu yao mpya ya DrPH mwaka 2014, ya kusoma muda wote, na mwishoni mwanafunzi anatoka kwenda kufanya mradi kwenye taasisi ya nje. Chuo cha North Carolina pale Chapel Hill kilikuwa na njia ya watu walioko kazini tangu katikati ya miaka ya 2000, wengi wao wakisoma kwa mtandao na kwenda chuoni mara chache. Johns Hopkins nao wana njia ya kusoma kidogo kidogo. Kwa maana hiyo kusoma kwa intaneti peke yake si dalili ya utapeli, na hapo niliwakosea baadhi ya watu kwa mawazo yangu ya mwanzo.

London nako kuna DrPH, kwenye ile shule ya tiba za nchi za joto iliyoanzishwa 1899. Kule mwanafunzi anasoma masomo mawili ya msingi, moja la kutumia ushahidi katika sera na jingine la uongozi na taasisi, kisha anakwenda kukaa miezi kadhaa ndani ya taasisi moja ya afya akiichunguza inavyofanya kazi: nani anaamua, fedha zinapita wapi, kwa nini waraka mzuri unafia kwenye kabati. Anaandika ripoti ya hayo. Baada ya hapo ndipo anafanya utafiti na kuandika tasnifu, fupi kuliko ya PhD, na anahojiwa kama mtu mwingine yeyote.

Sehemu hiyo ya kuchunguza taasisi ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanzia Dar mwezi Agosti na kusambaa mikoani, shemeji alikuwa mahali pengine, si hapo alipo sasa. Ananisimulia kila tukikaa. Alikijua kisima kilichokuwa kinaua watu. Alikijua kwa kuhesabu wagonjwa kwenye daftari la kaunta na kuuliza kila mmoja anachota wapi. Alitaka vitu vitatu: gari, dawa ya kutibu maji, na barua ya kufunga kisima. Gari lilikuwa kwenye ziara. Dawa ilikuwepo stoo, mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Barua ilitakiwa isainiwe na mtu ambaye alitaka kwanza aelezwe kwa nini kisima cha mjomba wake kifungwe. Zikapita siku tisa. "Shemeji," huwa ananiambia, "dawa ya kipindupindu niliijua. Dawa ya siku tisa sikufundishwa."

Sasa hebu niambieni, chuo gani hapa kwetu kingempokea mtu huyu na kumwambia: hizo siku tisa ndizo tasnifu yako? Chunguza ziliundwaje. Nani alishika nini. Rekebisha utaratibu, ujaribu kwenye kata tatu, utuletee matokeo, ujitetee mbele ya jopo. Shahada yenye masharti ya namna hiyo mimi ningeivulia kofia, hata ikiwa na kurasa chache kuliko PhD ya mtu aliyekaa maktaba.

Najua kuna watakaosema hizi ni PhD za bei nafuu, za watu waliokwepa utafiti. Nimemsikia mhadhiri mmoja akilisema hilo kwa dharau ambayo haikunipendeza. Lakini naye ana hoja, kwani kama kazi ya mwisho haina ukali, mtu anaweza kuandika ripoti ya mradi wa ofisini kwake, akajisifu, akapewa joho. Ndiyo maana masharti ni muhimu kuliko jina. Sisi tumefanya kinyume, tumependa jina. Gazetini kwetu tunabishana kama iandikwe "Dk." au "Dkt.", na kuna mheshimiwa mmoja alipiga simu chumba cha habari saa tatu usiku kwa sababu tuliisahau. Sijawahi kusikia mheshimiwa akipiga simu kwa sababu tumesahau kueleza tasnifu yake ilihusu nini.

Kuna jingine ambalo ni la kwetu kabisa, na ndilo linalomsukuma shemeji. Mganga Mkuu wa Wilaya ni tabibu. Juu yake ni tabibu, na juu ya huyo ni tabibu. Bwana Afya, muuguzi, mtu wa lishe, mtu wa takwimu, hao watakuwa wasaidizi mpaka wastaafu, hata kama kuzuia magonjwa ndiyo kazi waliyoisomea. Sisemi matabibu hawafai, wapo wazuri sana, na wengine wamekwenda kusoma afya ya jamii juu ya udaktari wao. Nasema tu kwamba dunia imeshasogea. Tedros, anayeongoza Shirika la Afya Duniani tangu 2017, si tabibu, ni wa kwanza kushika kiti kile bila utabibu, na udaktari wake ni PhD ya afya ya jamii aliyoipata Nottingham. Kama anaweza kukaa Geneva, Bwana Afya mwenye mafunzo ya kweli ya uongozi anashindwaje kukaa makao makuu ya wilaya?

Ila shemeji, na najua utasoma hapa maana dada ataifungua kwenye simu yake, cheti cha miezi minane hakitakufungulia mlango huo. Kitaufunga. Shahada ya nje ukiileta kwa mwajiri lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hao waliokuandikia nimewatafuta kwenye orodha ya CEPH, hawamo. Nimewauliza kwa barua pepe nani amewapa ithibati, wakanitajia baraza ambalo anuani yake, nilipoichimba, ni ileile ya chuo. Nikawauliza tena kazi ya mwisho inasimamiwa na nani. Wakanijibu kwa kuniongezea punguzo, sasa ni dola mia tano.

Nilimpigia Jumapili nikamweleza yote haya. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo unaniambia nina miaka arobaini na mbili, nianze kutafuta ufadhili na watoto wa miaka thelathini?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na jibu zuri zaidi. Ada za vyuo vya kweli ni mara nyingi ya hizo dola 2,800, kiwanja kimoja hakitoshi, na ufadhili wenyewe kwa shahada za watendaji ni mgumu kuliko wa PhD kwa sababu wafadhili wengi wanapenda utafiti. Nilimwambia aangalie njia ya London kwa kusoma kidogo kidogo, na aulize pia Muhimbili na vyuo vya jirani wana nini cha ngazi hiyo kwa watu walio kazini. Na nilimwambia aanze kuandika zile siku tisa, kwa sababu chuo chochote cha maana kitamuuliza anataka kutatua tatizo gani, na yeye analo tayari, waombaji wengi hawana.

Akacheka kidogo. Akasema daftari la wagonjwa la mwaka ule bado analo, liko kwenye sanduku la vyeti.

Mteja wa kiwanja alikuwa aje Alhamisi. Dada ameniandikia asubuhi hii kwamba ameambiwa asije kwanza. "Kwanza" ndilo neno alilotumia, kwa hiyo sijui. Kama kuna msomaji wa hapa aliyesoma DrPH ya kweli akiwa kazini, hasa mliolipiwa na mtu, niandikieni mlipitia wapi. Nitamsomea shemeji kwenye simu, yeye kwa mambo ya mtandao sasa amekuwa mwoga.